Kikombe cha Maji ya Chumvi

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike juu ya kazi ya Klabu yetu ya Afya. Nimeona siwezi kuieleza vema kazi hiyo bila kwanza kuungama kosa nililolitenda nilipokuwa mtoto wa miaka 12. Nyumbani wanalijua. Hapa shuleni wanalijua wachache tu. Leo nawaambia wote, wanafunzi wenzangu na ninyi mliotutangulia, maana nadhani lina faida kwa mtu ye yote anayesikia habari za dawa na magonjwa. Na ni nani asiyezisikia?

Kwetu ni Kisinga, katika wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Mtu atokaye Kasese kwenda Bwera na mpakani Mpondwe hupita kwetu. Ng'ambo ya mpaka ni Kongo, na watu wa huko si wageni kwetu. Lukonzo chetu na Kinande chao ni lugha ndugu. Tunaoana, tunazikana, na siku za soko watu huvuka asubuhi na mizigo yao na kurudi jioni. Kwa hiyo ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, wazee wetu walijua kwamba baina yetu na ugonjwa ule hapana ukuta, ni mto Lhubiriha tu.

Miezi ikapita. Mpakani watu walinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto la mwili. Watumishi wa afya wa upande wetu walianza kuchanjwa mwezi wa Novemba 2018, kabla hajaonekana hata mgonjwa mmoja katika Uganda. Kisha, mwezi wa Juni 2019, jamaa moja iliyovuka kutoka Kongo ilimleta mtoto wa miaka 5 katika hospitali ya Kagando, ambayo iko kwetu Kisinga. Watumishi wa pale wakaushuku ugonjwa wake, naye akapelekwa Bwera kwenye wodi ya kutengwa. Damu yake ikapelekwa Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi. Jumanne tarehe 11 Juni Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni Ebola. Mtoto yule akafa, bibi yake akafa, na ndugu yake mdogo, aliyerudishwa Kongo, akafa pia.

Basi hofu ikatuingia. Hakuna aliyepeana mkono na mwenziwe. Kanisani tulikaa mbali mbali. Na maneno yakawa mengi kuliko watu. Wengine walisema ugonjwa haupo, ati ni njia ya wakubwa kula fedha za wafadhili. Wengine walisema upo, lakini hospitali ndiyo inayoutia mwilini kwa sindano. Jioni ya Ijumaa nilipita penye kituo cha pikipiki, nikamsikia kijana mmoja wa boda-boda, ambaye kwetu alisifika kwa kujua mambo, akisema kwamba kinga imepatikana. Ati mtu anywe kikombe kizima cha maji ya chumvi asubuhi kabla hajala kitu, tena iwe chumvi ya Katwe, na Ebola haitamgusa. Alisema ameisoma katika simu yake, na shemeji yake daktari ameithibitisha. Watu waliokuwa wamemzunguka wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikakubali.

Ziwa la chumvi la Katwe si mbali na kwetu, na tangu zamani sana watu huchimba chumvi yake na kuiuza. Jikoni mwetu ilikuwamo. Dawa iliyomo jikoni mwako, isiyo na bei, itokayo katika ziwa la kwenu: nani asingependa iwe ya kweli?

Asubuhi ya Jumamosi mama alikwenda shambani. Baba alikuwa kazini mjini Kasese. Mimi niliachiwa mdogo wangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 4. Nikachukua kikombe cha bati, nikatia maji, nikatia chumvi kwa kijiko cha mezani, kijiko baada ya kijiko, nikakoroga. Nilijaribu kunywa mimi kwanza. Nikapiga mafunda mawili, nikashindwa, nikatema. Nikasema moyoni: mimi ni mkubwa, nitastahimili, huyu ndiye wa kulindwa. Nikamshika kichwa, nikamnywesha. Alilia. Nikamwambia ni dawa. Kwa kuwa aliniamini, akanywa.

Haikufika saa nne akaanza kutapika. Akaomba maji, akanywa, akatapika tena. Saa sita alikuwa amelegea na mwili umemwaka moto. Mama aliporudi na kumwona alipiga yowe. Majirani wakaja mpaka ukingo wa ua, wakasimama pale pale. Kutapika, kulegea, homa: katika juma lile kila mtu alijua mambo hayo yana maana gani. Mzee mmoja akasema tusimpeleke kwa watu wa afya, maana akiingia kwao hatatoka. Pikipiki mbili zilipita, wenyewe wakakataa kutuchukua. Mama akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka kwa miguu. Nikamfuata nyuma. Njia nzima mimi peke yangu nilijua, nami sikusema.

Kwa nini sikusema? Niliogopa fimbo, hilo ni kweli. Lakini palikuwa na jambo lingine, na ndilo baya zaidi: nilikuwa bado naamini. Nilidhani kwamba dawa yangu imechelewa, kwamba Ebola ilikwisha kumwingia kabla ya kikombe changu. Jambo likisha kukaa moyoni, hata lile linaloonyesha kuwa ni uongo mtu huligeuza likawa ushahidi.

Tulipofika kituo cha afya tuliwakuta watumishi wamevaa glavu na mavazi ya kujikinga. Mwuguzi mmoja, mama wa makamo, hakukimbia wala hakutukemea. Alisimama hatua chache kutoka kwetu, akaanza kuuliza. Mtoto amekutana na mgonjwa? Amepelekwa msibani? Mmepata mgeni kutoka ng'ambo? Kila swali mama alijibu hapana. Kisha akauliza, "Tangu asubuhi amekula nini, na amekunywa nini?"

Mama akasema, "Sijui, dada. Nilikuwa shambani. Alibaki na kaka yake."

Mwuguzi akanigeukia. "Mwanangu, mimi sijui, na mama yako hajui. Unajua wewe. Amekunywa nini?"

Nikasema.

Mama alinitazama, na jinsi alivyonitazama sitaiandika hapa. Mwuguzi hakunitazama hivyo. Aliuliza, "Vijiko vingapi? Kijiko cha namna gani? Saa ngapi?" akayaandika yote. Mdogo wangu akapelekwa hospitali. Huko walimtenga kwanza, wakampima, wakaona hana Ebola. Maji walimrudishia polepole mno, kwa maana, kama mama alivyoelezwa, chumvi ikizidi katika damu hudhuru ubongo, na maji nayo yakirudi kwa haraka ubongo huvimba. Usiku ule alishikwa na degedege mara mbili. Siku ya tatu akaomba uji. Sasa ana miaka 11, yuko shule ya msingi, na hesabu anazijua kunishinda nilivyokuwa katika umri wake. Lakini mara nyingi nimewaza: kama mwuguzi yule asingeuliza, au kama ningesema uongo, huenda angetibiwa ugonjwa asiokuwa nao akafa kwa ule aliokuwa nao.

Kabla hatujaondoka pale kituoni mwuguzi aliniita kando. Akaniuliza ni nani aliyeniambia habari ya chumvi. Nikamtaja kijana wa boda-boda. "Naye alijuaje?" Nikasema shemeji yake ni daktari. "Umemwona shemeji huyo? Naye alijuaje?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi siku nyingine usibebe dawa ya mtu nyumbani mpaka umepata jibu la hilo."

Miaka iliyofuata nilisoma kwamba mwaka 2014, Ebola ilipoingia Nigeria, uvumi huo huo wa maji ya chumvi ulienea kule, na Shirika la Afya Duniani likawaonya watu baada ya habari kwamba watu wawili wamekufa kwa kuyanywa. Maana yake ni kwamba miaka 5 kabla ya siku ile, onyo lilikuwa limekwisha tolewa. Kijana wa boda-boda hakuwa mtu mbaya. Yeye naye aliogopa, na alitaka kutusaidia, kama mimi nilivyotaka kumsaidia mdogo wangu. Hakuna kati yetu aliyefundishwa kuuliza.

Je, jambo hilo hufundishika? Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wetu wa bayolojia alituambia kwamba hufundishika, na kwamba limejaribiwa papa hapa Uganda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, miongoni mwao Allen Nsangi na Daniel Semakula, walichukua shule za msingi 120 za sehemu ya kati ya nchi, zenye watoto zaidi ya 10,000. Kwa kura shule hizo ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa kitabu cha picha na masomo ya kupima madai juu ya dawa. Fungu la pili liliendelea na masomo yake ya kawaida. Baadaye wote wakapewa mtihani mmoja. Katika kila watoto 100 waliofundishwa, 69 walifaulu. Katika kila 100 ambao hawakufundishwa, walifaulu 27. Mwaka 2022 masomo ya namna hiyo yakajaribiwa katika shule za sekondari za Kenya, Rwanda na Uganda. Shule yetu haikuwamo, lakini masomo yenyewe hutolewa bure, na mwalimu alitusomesha baadhi yake.

Angalieni walivyofanya watafiti hao, maana ndiyo kiini cha fundisho lenyewe. Hawakusema, "Watoto wetu wamefaulu, basi kitabu chetu ni kizuri." Waliwaweka wengine kando ili walinganishe. Bila wale waliopata 27, hiyo 69 isingetuambia kitu; pengine watoto wangefaulu hata bila kitabu. Na mafungu waliyagawa kwa kura, ili shule bora zisije zikajaa upande mmoja.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi, ng'ambo tu ya mpaka. Tangu Novemba 2018, katika Beni na Butembo na miji jirani, madaktari wa Kongo, ambao mkuu wao katika utafiti huo alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, walijaribu dawa 4 za Ebola pamoja na wenzao wa nchi za nje. Dawa moja iliyoitwa ZMapp ilikuwa imesifiwa sana duniani tangu 2014. Nyingine, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Kila mgonjwa alipewa moja ya dawa hizo kwa kura. Mwezi wa Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kuonekana. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, karibu 50 walikufa. Katika kila 100 waliopewa mAb114, walikufa karibu 35, na dawa ya tatu, REGN-EB3, ilikaribiana nayo. Sifa zilikuwa upande mmoja na hesabu upande mwingine. Kama wangefuata sifa, wangeendelea kutoa dawa isiyo bora, na kila aliyepona angeishukuru, maana nusu walikuwa wakipona. Ilionekana pia kwamba waliofika mapema walipona zaidi sana kuliko waliochelewa. Mzee wetu aliyesema mtoto asipelekwe hakulijua hilo.

Sasa nije kwenye Klabu yetu. Mwezi wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulithibitishwa katika wilaya yetu ya Kasese, wagonjwa wawili wa kwanza katika nchi yetu. Nilikuwa kidato cha tatu. Katika juma moja bweni likajaa maneno kama yale ya 2019. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa na vipele mikononi, na wenzake wakakihamisha kitanda chake mpaka mlangoni. Wengine walitaka kuoga kwa klorini isiyozimuliwa. Na waliorudi kutoka likizo walisimulia juu ya mtu waliyemwona katika simu, mwenye koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni, aliyekuwa akiuza sabuni ya mitishamba inayozuia mpox, ati watu maelfu wameshuhudia.

Jumamosi moja tuliomba ruhusa, nikasimama ubaoni mbele ya vijana 40 hivi, nikawaeleza habari ya kikombe changu. Kisha tukaiweka ile sabuni ubaoni, na tukaiuliza maswali matano, ambayo tangu hapo ndiyo kazi yetu kila mkutano.

La kwanza: nani asemaye, naye amejuaje? Koti jeupe hununuliwa dukani. Hata aliye daktari kweli yampasa aweze kusema alivyojua.

La pili: wamelinganishwa na nani? Watu maelfu wameoga kwa sabuni hiyo wasipatwe na mpox. Vema. Na watu mamilioni ambao hawakuioga, je, wamepatwa?

La tatu: ni watu wangapi? Mjomba mmoja aliyepona ni habari njema kwa jamaa yake, lakini si ushahidi kwa nchi nzima.

La nne: asemaye atapata nini tukimwamini? Swali hili peke yake halimfanyi mtu mwongo, kwa maana hata mwuza dawa za kweli hupata faida. Lakini hutufanya tufungue macho.

La tano: inaweza kudhuru nini, na kwa kipimo gani? Swali hili ni langu mimi hasa. Chumvi, nusu kijiko cha chai, pamoja na vijiko 6 vya chai vya sukari katika lita 1 ya maji safi, humwokoa mtoto anayeharisha. Chumvi hiyo hiyo bila kipimo karibu iniulie ndugu.

Yule mvulana wa vipele tulimpeleka kwa mwuguzi wa shule. Ulikuwa upele wa kawaida, ule unaoletwa na vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, akapewa dawa ya kupaka. Kitanda chake kikarudi mahali pake. Sitawadanganya kwamba wote walishawishika. Wako wawili walioinunua ile sabuni kwa fedha zao za matumizi, na mmoja wao mpaka leo husema ndiyo iliyomkinga. Nilimwuliza swali la pili, akacheka, akaenda zake.

Lakini lililonishinda zaidi ni jambo jingine. Kijana mmoja alinyosha mkono akasema, "Kaka, nyumbani kwetu siwezi kumwuliza baba amejuaje. Atasema nimemwita mwongo." Wote walinyamaza, kwa kuwa ni kweli. Kwetu mtoto humsikiliza mzee. Sikuwa na jibu siku ile, nikaenda nalo likizo.

Bibi yangu mzaa mama ana majani fulani ambayo huyachemsha kwa ajili ya homa, na jamaa nzima tumekunywa. Nilikaa naye jikoni akimenya muhogo, nikasema, "Bibi, nataka nijifunze dawa yako kabla sijawa mtu mzima. Nifundishe: ilijulikanaje kwamba inaponya?" Hakukasirika. Alifurahi. Alinieleza jinsi mama yake alivyompa, na jinsi alivyompa mjomba wangu mkubwa akapona kwa siku tatu. Nikamwuliza, "Na wale wa wakati ule walioshikwa na homa bila kuinywa, walikuwaje?" Bibi akaacha kumenya, akafikiri. Akasema, "Wengine walipona. Wengine walikufa. Mjukuu wangu, hao hatukuwahesabu."

Kwa miaka minne nimesoma juu ya ulinganisho, na sijapata kusikia umeelezwa kwa ufupi kama huo. Bibi hakuwa mwongo, wala sikumvunjia heshima. Nilimwomba anifundishe, naye akanifundisha zaidi ya nilichoomba. Hata sasa huchemsha majani yake. Lakini mwaka jana mtoto wa mjomba alipopata homa kali, bibi mwenyewe ndiye aliyesema apelekwe akapimwe damu kwanza. Ilikuwa malaria.

Wala msidhani nasema dawa za wazee ni uongo. Mama mmoja Mchina, Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale vya kwao juu ya mmea uliotumika kwa homa, na mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa ndani yake dawa ambayo sasa ni sehemu ya vidonge vya malaria tunavyopewa hapa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini wao hawakuridhika kwamba ni ya kale. Waliipima. Ukale si kosa wala si ushahidi, na upya ni vivyo hivyo; ZMapp ilikuwa mpya.

Vijana wenzangu, siku hizi habari hazitafutwi; zinatufuata. Ukiwa na simu nyumbani, kabla hujaamka zimekwisha fika. Yatupasa basi tujue pa kwenda kuzipima: kwa mwuguzi, kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako, kwenye matangazo ya Wizara ya Afya na simu yake ya bure, kwa mwalimu wa sayansi. Nao pia tuwaulize wamejuaje, kwa adabu. Ila jambo moja msilikosee: mtoto akishikwa na degedege au mtu akitapika bila kukoma, hapo si wakati wa maswali matano. Mchukueni aende. Na akiwauliza mtumishi wa afya mgonjwa amekunywa nini, semeni kweli, hata kama kweli hiyo ni kosa lenu. Wao hawawezi kupima habari mliyoificha.

Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu mmekuwa waalimu, waganga, mapadri, wafanya biashara na baba wa watoto. Nina ombi moja kwenu. Mtoto wenu atakapokuja na kuwauliza, "Baba, jambo hili lilijulikanaje?" msimkemee. Kama mnajua, mwelezeni. Kama hamjui, semeni hamjui, na mwende pamoja kuuliza. Klabu yetu hukutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha bayolojia, na aliye mwuguzi au daktari miongoni mwenu akipita njia ya Bwera, tutafurahi sana akiingia. Maswali tunayo mengi.